Matunguu ya maua niliyoyapanda kwa kuchelewa: mfuko wa tulipu kutoka Uholanzi na kitalu cha njia ya Pangani

Tangu yale Maulidi ya Mfungo Sita yaliyosomwa nyumbani kwangu, naulizwa kila kukicha: yale maua meupe ya tuberosi niliyoyatunga na asumini kwenye vikuba, vile vishada vya kunukia, niliyatoa wapi? Wengine walidhani yaliletwa kwa ndege kutoka Nairobi. Hayakuletwa na ndege. Niliyapanda mwenyewe hapa Makorora, uani, kwenye ndoo za rangi nilizozitoboa chini kwa msumari wa moto. Matunguu yake, yaani vile vichwa kama vitunguu vinavyofukiwa udongoni, niliyanunua hapahapa Tanga wiki ya mwisho ya Mei, masika yakiwa yanaaga, wakati kila niliyemweleza alinijibu kwamba nimeshachelewa.

Basi leo naeleza yote: kitalu nilichonunua, bei, kilichochanua na kilichooza. Ila nianze na mfuko wa tulipu, yale maua ya Ulaya yenye umbo la kikombe, kwa sababu ndio ulionipeleka kitaluni.

Binti wa kaka yangu anaishi Rotterdam, Uholanzi. Alipokuja mwanzoni mwa Januari alinibebea mfuko wa matunguu ishirini ya tulipu nyekundu, pamoja na cheti cha ukaguzi wa mimea ndani ya bahasha, maana mmea hauingizwi nchini kiholela. Aliyanunua Desemba kwa nusu bei. Kule tulipu hupandwa kuanzia Septemba mpaka Novemba, ardhi inapoanza kupoa. Ikifika Desemba maduka yanataka kumaliza mzigo, na wanaojua ndipo wanaponunua. Kumbe tunguu likipandwa Desemba, hata Januari kama ardhi bado haijaganda, huchanua vilevile majira ya kuchipua yakifika. Litachelewa kidogo, na shina huenda likawa fupi, lakini ua litatoka. Kinacholiua ni kulisahau stoo mpaka mwaka wa pili, likabaki ganda tupu.

"Shangazi," akaniambia, "usiyaweke kabatini. Yatie kwenye friji, ya chini, si kwenye barafu. Yakae wiki 12 mpaka 16 kwenye baridi isiyozidi nyuzi 9. Bila hiyo baridi hayaamki."

Niliukagua mfuko ule kama ninavyokagua jora la kitambaa. Mimi ni fundi cherehani, siamini maandishi ya nje mpaka nipime. Nje waliandika 12/+, maana yake mzingo wa kila tunguu ni sentimita 12 au zaidi. Nikachukua futi yangu ya kushonea, nikayazungushia moja moja. Kumi na tisa yalifika, moja lilikuwa kumi na moja na nusu. Yote mazito kuliko yanavyoonekana, makavu, ganda la kahawia jembamba likichanika kama la kitunguu maji. Kwa hapo mfuko ule nausifu.

Moja nililipasua. Najua ni kuharibu, lakini nilitaka kuona. Nililikata kwa urefu, kutoka kichwani mpaka kwenye kitako, kwa kisu chembamba cha kazini kwangu. Tabaka nyeupe zilikuwa zimejaa maji, zimekumbatiana. Katikati palikuwa na majani ya manjano yaliyokunjwa, madogo kuliko ukucha wangu. Na ndani ya yale majani, ua. Ua zima, ndugu zangu, limeshaumbwa! Petali zake sita zilikuwa rangi ya maziwa, vijiti vya chavua vimesimama kuzunguka kitu chenye pembe tatu katikati. Nilimwita mwanangu aje aangalie, tukashika kurunzi ya simu. Lile tunguu lilikuwa limevuka bahari na maua yake tumboni, linangoja tu kuambiwa kwamba baridi imepita.

Matunguu kumi nilimpa shoga yangu aliyeolewa Lushoto, naye akayatia kwenye friji ya soda ya dukani kwake. Mimi nikabaki na tisa, nikayafunga kwenye mfuko wa karatasi, nikayaweka friji ya jikoni, droo ya mboga.

Sasa sikilizeni nilipokosea. Machi ilikuwa Ramadhani. Mnajua friji ya nyumba ya Kiswahili Ramadhani inavyokuwa: papai lililokatwa, maembe, ndizi mbivu, na kaka akaleta matufaha mfuko mzima. Tunda likiiva hutoa hewa iitwayo ethilini. Ndiyo hiyo inayofanya ndizi mbichi ziive haraka ukizifungia pamoja na mbivu. Hewa hiyo haionekani wala haina harufu ya kukushtua, ila ikilifikia tunguu la tulipu, ule uchanga wa ua ulio ndani hunyauka na kufa. Tunguu lenyewe kwa nje halibadiliki. Mpwa wangu hakuwahi kunieleza hilo, na mfuko haukuandikwa hilo. Kwa bei waliyouza wangeongeza mstari mmoja tu, "usiweke na matunda", wangeokoa maua ya watu wengi.

Lingine lililonitisha zaidi. Siku ya tatu ya mfungo wifi yangu alikuja kunisaidia futari. Natoka uani kuchukua mkaa, narudi namkuta ameshavua ganda tunguu moja la tulipu, kisu mkononi, mafuta yanachemka jikoni.

"Wifi, vitunguu vyako hivi mbona havitoi machozi?"

Nilimshika mkono. Tulipu si chakula. Waholanzi waliwahi kula matunguu hayo katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakati wa vita, kwa dhiki tu, na hata wao iliwabidi wajue namna ya kuyatoa kiini. Mtu asiyejua akila ataumwa tumbo na kutapika, na matunguu mengine ya maua ya bustani, kama ya lile yungiyungi kubwa la mistari myekundu, yana sumu vilevile. Jioni hiyo nilikata boksi la viatu, nikayatia humo, nikaandika kwa wino mwekundu: MAUA. SI CHAKULA. Mwenye watoto au wageni jikoni naomba afanye hivyo siku ya kwanza, asisubiri ya tatu kama mimi.

Mwishoni mwa Aprili, wiki zilipotimia, nilipasua jingine. Majani ndani yalikuwa yamerefuka, mabichi, yana afya. Palipokuwa na ua palikuwa na kitu kikavu cha rangi ya chai, kama pumba ya mchele iliyolowa. Nililitazama muda mrefu. Manane yaliyobaki niliyapanda hivyohivyo, kwenye vyungu, kivulini upande wa kaskazini wa nyumba ambako kusi halipigi moja kwa moja. Yalitoa majani, mapana, yenye vumbi la kijivu kama jani la mnanasi mchanga. Ua halikutoka hata moja. Mwezi wa Julai majani yakawa ya manjano, yakalala.

Shoga yangu wa Lushoto alipanda yake wiki ileile. Kati ya kumi, saba yalichanua mwezi wa Juni, kwenye baridi yao ile ya kuvaa sweta asubuhi. Yalikuwa mafupi, hayakupita shubiri na nusu, lakini mekundu sawasawa. Alinitumia picha ameshika kikombe cha chai pembeni ya ua kuonyesha vinavyofanana. Machozi yalinilenga, si kwa wivu, kwa furaha kwamba safari yao haikupotea yote.

Kwa hiyo tathmini yangu ya mfuko: mali yenyewe nzuri, haikudanganya kipimo, na kununua mwisho wa msimu kwa nusu bei ni akili ukiwa na pa kupandia. Kwa mtu wa Lushoto mwenye friji isiyo na matunda, namshauri anunue. Kwa mtu wa Tanga mjini, hapana. Hata kama ua lingepona kwenye friji, joto letu la usiku lingelifungua karibu na udongo na lingekwisha siku mbili. Na baada ya hapo tunguu halirudii, litataka baridi tena mwakani. Kila mmea una kwao. Mkoa wetu huu ndio uliowapa Wazungu lile ua dogo la zambarau linalojaa madirishani mwao. Mkuu wa wilaya wa Kijerumani hapa, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona mwaka 1892, mbegu zikapelekwa Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland akaliita Saintpaulia. Likakubali kuishi kule kwa sababu ndani ya nyumba zao kuna joto na kivuli kama cha misitu ya Usambara. Waliliwekea hali ya kwao. Tulipu mimi sina hali ya kwao ya kuiwekea.

Hapo ndipo nikaanza kuuliza: hivi sisi hatuna tunguu letu, linalolala kiangazi likaamka na mvua? Duka moja mjini liliniuzia pakiti yenye picha ya maua ya buluu. Ndani mlikuwa na vitu vinne vyepesi kama maganda ya karanga. Nilivirudisha, sikurudishiwa fedha. Tuyaache hayo.

Aliyenielekeza kitaluni ni dereva wa bajaji. Kiko njia ya Pangani, upande wa kushoto ukitoka mjini, pana mwembe mkubwa na chini yake miche ya michungwa kwenye viriba vyeusi. Hakuna kibao. Nauli nililipa elfu tatu. Masika bajaji haishuki mpaka ndani, unaachwa barabarani unatembea kwenye tope hatua kama mia mbili, kwa hiyo msivae viatu vya harusi.

Mwenyewe ni mzee mwenye kanzu iliyofifia na kofia ya viua. "Shikamoo mzee wangu." "Marahaba mwanangu, karibu, angalia njia, kuna maji." Nikamweleza habari ya tulipu yote, mpaka ya matufaha. Hakucheka. Alisikiliza, akasema, "Hayo yanataka baridi yaamke. Yangu mimi yanataka ukavu yalale, halafu maji yaamke. Hatugombani na Tanga."

Nikamuuliza la moyoni: mwezi wa tano umekwisha, si nimechelewa? Nilitarajia muuzaji aniambie hapana, nunua tu. Yeye alisema ndiyo, nimechelewa. Wakati mzuri ni Februari kwenda Machi, kabla masika hayajashika, ili mvua ikute mizizi. "Lakini tunguu gumu halijui kalenda. Mvua imekupita, maji utamwagilia mwenyewe. Na tena afadhali uje sasa kuliko ungekuja Aprili. Aprili ungelipanda kwenye uji, likaoza." Hilo lilinikaa kichwani, kwa sababu mpwa wangu aliniambia kitu hichohicho kwa upande mwingine: Rotterdam anayechelewa anaogopa ardhi kuganda, Tanga anayechelewa anaogopa kiangazi kumkuta. Tunguu ni lilelile, limebeba chakula chake, linaweza kungoja. Ila lisioze na lisikauke.

Alimwaga matunguu juu ya gunia tukakaa chini. Hapa ndipo kitalu kile kiliponipata. Hakunipimia kwenye mfuko ananifungia. Alinipa mkononi moja moja, akanionyesha kubonyeza kitako, pale chini mizizi inapotokea, kwa dole gumba. Kitako kikiwa kigumu kama korosho, chukua. Dole likizama hata kidogo, acha, hata kama juu ni zuri. Halafu nusa, linalooza lina harufu ya maji ya chombo cha maua kilichosahaulika. Halafu pima uzito kiganjani, jepesi ni ganda. Nilibonyeza kama arobaini. Yapo aliyonipokonya mwenyewe akayatupa kando: "Hilo usichukue, mama, litakuumiza roho."

Niliyonunua: tuberosi kumi na tano kwa elfu moja moja. Hili ni ua lenye asili ya Meksiko, Wahindi hulitungia mashada ya harusi, na Wahindi wengi wa mjini hapa wanalijua. Matano madogo ya tuberosi alinipa kwa mia tatu tatu, akanionya waziwazi, "Hayo mwaka huu ni majani tu. Ni ya mwakani." Mangapi mmeuziwa madogo mkaambiwa yatachanua? Halafu mawili ya yungiyungi la mistari kwa elfu tano moja, na moja la lile ua jekundu la duara kama mpira, linaloota lenyewe maporini kwetu mvua zikianza, kwa elfu tatu. Hesabu ilikuwa 29,500, akaishusha mpaka 29,000, akaniongezea na mfuko wa mboji. Nililipa kwa simu. Risiti hakuna, alininukulia kwenye daftari lake na kunionyesha.

Nilipanda tarehe 27 Mei, asubuhi. Chini ya kila ndoo nilitandaza makumbi ya nazi maji yapite, juu yake mchanga wa mtoni na mboji nusu kwa nusu, samadi kidogo iliyooza mpaka haina harufu. Tuberosi zikafukiwa kina cha vidole vitatu, juani kabisa. Yungiyungi nililiacha shingo nje ya udongo, theluthi moja inapumua, kama alivyonielekeza, maana ukilizika lote maji hukaa shingoni na kulioza. Kisha kiangazi kikaingia na kusi likaanza kukausha kila kitu. Nilimwagilia siku moja baada ya nyingine, mapema, kwa maji ya bomba niliyohifadhi kwenye pipa. Kisima chetu kina chumvi, mwaka juzi kiliniulia waridi mbili.

Wiki tatu hakuna kitu. Wifi akipita anachungulia ndoo, ananitazama, hasemi. Ya nne, jani la kwanza, jembamba kama la mchaichai. Ukaja Julai majani yakawa kichaka. Wiki ya kwanza ya Agosti, kwenye ndoo ya tatu kutoka mlangoni, katikati ya majani kikasimama kitu kinene, cha mviringo, kijani. Shina la ua. Nililipima kila Ijumaa kwa futi. Lilipita mita moja kasoro kidogo, likawa limebeba vitumba ishirini na nane, viwili viwili, ncha zake zina wekundu mwepesi kama umegusa kwa hina iliyokwisha rangi.

Tarehe 29 Agosti, siku ya 94, vitumba viwili vya chini kabisa vikafunguka. Nilikuwa ndani nashona. Adhana ya Magharibi imemalizika, nikasikia harufu inaingia dirishani, nikadhani jirani amefukiza udi. Nikatoka. Hilo ua linanuka usiku kuliko mchana, na linafunguka kutoka chini kwenda juu, kila siku vichache, kwa hiyo shina moja linakufaa wiki nzima na zaidi. Petali zake nene, zina nta, ukizibonyeza zinaacha alama ya kidole. Nilisimama pale gizani mpaka mwanangu akaja kuniuliza kama naumwa.

Maulidi yalikuwa mwanzoni mwa Septemba. Mashina kumi na moja yalikuwa tayari. Mashoga zangu wawili walikuja alasiri tukakaa ukumbini na sinia: asumini vitumba, mrehani, kilua chache tulizopata, na tuberosi nilizozichuma moja moja kwenye shina zikiwa zimefunguka nusu. Asumini ikipigwa na jasho inabadilika rangi haraka, inakuwa kahawia ukingoni. Tuberosi hainyauki upesi, ile nyama yake inashikilia. Tukawa tunatunga asumini tatu, tuberosi moja, jani la mrehani, tunakaza uzi. Na ikishachumwa bado inaendelea kutoa harufu, kama asumini ileile. Bibi mmoja wa barabara ya nne aliweka kikuba chake chini ya mto, akaniambia kesho yake jioni bado kinanukia. Alinishika mashavu kwa mikono miwili akaniombea dua. Sijawahi kushona nguo ikanipatia dua ya namna ile.

Sasa mapungufu, niwe mkweli. Niliomba tuberosi za petali safu moja, ndizo zenye harufu kali na ndizo zinazofunguka vizuri. Mbili zilitoka za petali nyingi, zile zilizojikunja kama kabichi, na nusu ya vitumba vyake vilikauka bila kufunguka. Nilimrudia mzee. Aliangalia picha kwenye simu yangu, akasema, "Vibandiko vyangu vililowa mwezi wa nne, nilichanganya," akanipa mawili mengine bila mimi kudai. Ndiyo maana sikasiriki, lakini kalamu anayoandikia vibandiko ibadilishwe, inafutika na mvua ya kwanza. Tunguu moja lilioza. Ndoo ile nilikuwa nimesahau kuitoboa vizuri, kosa hilo si lake. Matatu yalichanua kwa kuchelewa, Oktoba.

Mayungiyungi mawili hayakuchanua, yametoa majani tu, marefu kama mikanda. Anasema yakipata kiangazi kikavu kisawasawa nisiyamwagilie, kisha mvua, yatatoa. Tutaona. Hilo siwezi kulipa alama bado.

La mpira jekundu lilinitia majonzi. Juni kimya, Julai kimya, mpaka Oktoba ndoo ni udongo mtupu. Nilitia kidole nikaligusa, gumu. Nikaliacha. Wiki ya kwanza ya Novemba vuli ikapiga usiku mmoja, siku kama nane baadaye nikaona kitu kama pua nyekundu inachungulia udongoni, hakuna jani. Likasimama, likafunguka duara, vijiti vyekundu mamia vimeelekea kila upande, kubwa kupita kichwa cha mtoto mchanga. Watoto wa mtaa walipanga foleni kulitazama. Nawaambia wazazi wao: kutazama tu, lile nalo lina sumu.

Ukienda kitaluni kwa mzee, nenda asubuhi. Ijumaa anafunga saa tano na hafungui tena. Jumamosi kunajaa watu wa miche ya matunda, hatapata nafasi ya kukaa nawe guniani, na ule ubonyezaji ndio unaolipia nauli. Hana pa kukalia mteja mzee, angeweka hata benchi. Wanaotaka kuwahi masika wamwone Februari. Wanaochelewa kama nilivyochelewa waende tu, wabonyeze kitako, waweke pipa la maji tayari.

Ndoo ya kwanza ya tuberosi nimeimwaga juzi, majani yalipokwisha kuwa ya manjano. Tunguu mama halichanui mara ya pili, lakini limezungukwa na wanawe; nilihesabu manane, matatu yana unene wa kuchanua mwaka huu. Nimeyakung'uta udongo, nimeyaanika kivulini siku mbili, yamo kwenye kapu juu ya kabati la jikoni pamoja na lile bamba la boksi la viatu lenye wino mwekundu. Lakini wifi hakuhitaji kulisoma. Ameshachagua matatu yake, amebonyeza vitako mwenyewe, ameondoka nayo kwenye pindo la leso.